Mafuta ya Mzazi Wamepewa Ndege

Mshauri Evaresta, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi zipokee tu salamu, naomba msaada wako kabla sijapasuka kifua. Nakuandikia kwa simu na vidole vyangu vimezoea jembe, kwa hiyo makosa yavumilie. Mimi ni mama wa Kisongo, Mwarusha, Mlutheri, mjane, naishi na ng'ombe wangu na kondoo wangu na sina ugomvi na mtu. Gazeti lako nalisoma kwa jirani yangu, na najua wewe ni Mchaga, ulishawahi kusema mwenyewe, lakini leo nakuomba uweke huo Uchaga wako pembeni useme haki, kwa sababu aliyenitenda ni binti wa kwenu.

Mungu alinipa mtoto mmoja tu wa kiume, Lesian. Anaishi Sekei, huko mjini, na kazi yake ni kutembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege, siyo ndege zinazotua kiwanjani hapa jirani na kwangu, ni hawa hawa wa manyoya. Watu wanatoka Ulaya kuja kumwangalia shore ambaye mimi namfukuza kwenye mtama, lakini hilo nimeliacha, kila mtu na kazi yake. Akaoa binti wa Machame anaitwa Elinaza, amesoma, anafanya kazi benki, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Sikukataa. Waulize watu wote wa Kisongo kama nilikataa.

Sasa siku Lesian aliponipigia simu kuniambia mke wake ana mimba, siku hiyo hiyo nilishuka zizini nikachagua kondoo dume, mweusi mtupu, hana baka hata moja mwilini, nikasema huyu haguswi, huyu ni wa mzazi. Nikamlisha pumba kwa mkono wangu, mahindi yalipovunwa nikamwekea majani yake, mvua ikinyesha namwingiza ndani kabla sijajiingiza mimi, mpaka mkia ukanona akawa anatembea anayumba. Watu wa mnada wamekuja kumtaka nimewafukuza. Shemeji yangu alimtaka kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wake, na yeye nikamfukuza, hadi leo hatusalimiani vizuri.

Elinaza akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Simu ilipolia ilikuwa jioni nakamua, nikaangusha kibuyu kwa furaha, maziwa yote chini, na palepale jina la mtoto likanijia, huyu ni Nalepo, aliyekuja wakati wa kukamua. Sikumwambia mtu yeyote. Kwetu ni bibi wa upande wa baba anayemnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo na kumtaja jina, kwa hiyo nililikalia kimya nikisubiri siku yake.

Kondoo akachinjwa, na mafuta nikayatengeneza mwenyewe, sikumwachia mtu. Nilikata ya mkia na ya kwenye figo vipande vidogo vidogo, nikayeyusha kwa moto mdogo wa kuni, kwa sababu ukiwa na haraka yanaungua yananuka, nikachemshia na magome aliyonionyesha mama yangu mzazi, nikachuja kwa kitambaa cheupe, nikachuja tena, moshi umenijaa machoni mpaka nikawa nalia na kucheka pamoja. Mshauri, kwetu mwanamke aliyejifungua asipokunywa mafuta ya kondoo ni kama hakuhudumiwa kabisa. Anakunywa asubuhi yakiwa ya moto, yanasafisha tumbo, yanarudisha nguvu, maziwa yanashuka. Mimi nilikunywa kwa Lesian na ndiyo maana unaona bado nalima.

Nikajaza ndoo ndogo yenye mfuniko, nikapanda bodaboda hadi Sekei nimeipakata kifuani kama mtoto. Elinaza akapokea kwa mikono miwili, akasema asante sana Mama, akaonja kijiko kimoja mbele yangu akafumba macho, nikajua ni utamu. Nikarudi kwangu moyo mweupe. Na kila nikipiga simu kuuliza mafuta yanakwendaje, Lesian anapokea yeye, anasema Yeyo, yanakwenda vizuri sana, yanakaribia kuisha. Yeyo ndiyo mama kwa lugha yetu. Nikafurahi mshauri, mpaka nikaanza kumwangalia kondoo wa pili.

Juzi nikaenda bila kupiga simu, nimebeba maziwa ya kwenda nayo kumwona mjukuu. Nikapitia uani. Kwenye mparachichi wao nikakuta vifuu vya nazi vimening'inizwa kwa kamba, vinazunguka zunguka. Nikasema mwanangu ameoa mchawi. Halafu nikaona ndege. Shore wamejaa, kwezi wale wenye kung'aa wanagombana, na mwingine yule wa kugogota miti amening'inia kichwa chini miguu juu anadonoa kilichomo, wamenona hao, hata sikuwatisha. Nikaburuta kiti, nikapanda, bado nikanyoosha mkono mpaka bega likalia, ndipo nikakifikia kimoja. Kimefungwa kwa fundo lile letu la kufungia ndama, gumu hilo, nimehangaika nalo mpaka ukucha ukakatika. Nikakishusha nikaangalia ndani, nikaona kitu kimeganda cheupe, kimechanganywa na unga wa mahindi na ulezi na karanga zilizopondwa. Nikanusa. Ni magome ya mama yangu!

Nilipiga yowe majirani wakatoka. Elinaza akaja, anatembea polepole ameshika tumbo, mtoto begani, akaniangalia, akaangalia kifuu, akasema, "Mama, nisamehe." Umesikia? Hakukana! Hata kujitetea hakujitetea! Na Lesian wangu maskini amesimama mlangoni, darubini yake bado iko shingoni, anaangalia viatu, neno limemkwama kwa aibu ya mke wake. Nilimwonea huruma jamani. Na nimekumbuka, Krismasi alinisimulia habari za bibi mmoja wa Kizungu ambaye kwao theluji ikianguka anayeyusha mafuta ya ng'ombe na kuyagandisha na nafaka kwa ajili ya ndege, tukacheka sana, akaniomba mafuta ya figo ya yule mbuzi wa sikukuu nikamwambia toka hapa na uchizi wako. Elinaza alikuwepo amekaa pembeni. Kumbe alikuwa anasikiliza anaweka akilini.

Nikamwambia, vizuri, kama ndege ndio wazazi wa nyumba hii, basi ndege hao hao wamnyoe mtoto na wamtafutie jina. Nikachukua ndoo yangu na mafuta yaliyobaki ndani, nikaondoka bila kunywa hata maji. Maziwa niliyomletea mjukuu nikarudi nayo.

Sasa Jumapili hii ni ubatizo. Lesian anapiga simu, sipokei. Elinaza ametuma ujumbe mmoja tu, "Mama, tunakungoja," na mimi nimeusoma mpaka simu imeisha chaji na sijajibu, kwa sababu nikikumbuka yule kondoo alivyokuwa ananifuata nyuma akinisikia sauti, nikakumbuka ameishia kwenye tumbo la kwezi, naona giza. Niambie mshauri. Nimwambie mwanangu amrudishe huyu binti kwao Machame? Niende Jumapili ama nisiende? Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niambie.

Mama wa Kondoo,
Kisongo

*

Mama wa Kisongo, za shikamoo tutamalizana siku tukionana. Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika pamoja na wewe. Nikaisoma tena, nikakukasirikia wewe. Umetaka uambiwe, kaa chini.

Haki yako nakupa kwanza, maana unayo. Mtu amefuga mnyama miezi yote hiyo, amegombana na shemeji kwa ajili yake, amekaa kwenye moshi na kitambaa cha kuchujia, halafu jasho lake analikuta juu ya mti linadonolewa. Yeyote anayekwambia ni mafuta tu, mwambie akae kimya. Ile ndoo ilikuwa na mapenzi yako yote, na hakuna aliyekuomba ruhusa. Hapo niko upande wako kabisa.

Hapo tu, lakini. Tuendelee.

Umeandika kwa mkono wako kwamba Elinaza amepasuliwa tumbo. Umeandika kwamba anatembea polepole ameshika tumbo. Halafu ukaandika kwamba wewe, mwanamke unayelima mpaka leo, ulipanda kiti na bado ukanyoosha mkono mpaka bega likalia ndipo ukafikia kifuu kimoja. Mama, huyo mgonjwa alivipandisha vipi? Aliruka?

Na fundo? Umesema mwenyewe ni fundo lenu la kufungia ndama. Mimi nimezaliwa huko huko mlimani anakotoka huyo binti, nikwambie kitu: kwetu ng'ombe anakaa bandani, majani anakatiwa na kuletewa, ndama haendi popote. Elinaza hilo fundo hajawahi hata kulishika. Kuna mtu mmoja tu pale Sekei aliyekua akifunga ndama wa Kisongo, na wewe unajua alijifunzia zizi la nani.

Nani alikuomba mafuta ya figo Krismasi ukamfukuza? Nani alikuwa anapokea simu kila ukiuliza, akikwambia yanakwenda vizuri sana? Kweli yalikuwa yanakwenda, hakukudanganya, hakukwambia tu yanakwenda wapi. Nani alisimama mlangoni na darubini shingoni? Mtu hatembei na darubini nyumbani kwake kuangalia mke, Mama. Alikuwa anaangalia wageni wake wakila.

Aliyechukua mafuta yako ni huyo uliyemnywea mafuta ukimzaa. Ushahidi wote umeuandika mwenyewe, umeupanga vizuri kuliko polisi, halafu ukampa mtu mwingine kosa kwa sababu ni wa kuja na anaongea taratibu. Umeniambia niweke Uchaga wangu pembeni. Sawa, nimeuweka. Wewe umama wako uliuweka wapi ulipokuwa unamwonea huruma huyo jamaa wa viatu?

Sasa utaniuliza, mbona binti aliomba msamaha? Kwa sababu mlikuwa watu wazima watatu uani na mmoja tu alikuwa na adabu. Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini mtu anayeonja kijiko kimoja akafumba macho, Mama, hakufumba kwa utamu. Mimi naona yalimshinda. Ametoka kupasuliwa, tumbo halijatulia, anayashusha yanarudi, na anaona haya kukwambia kwa sababu anajua ulivyohangaika. Mumewe akasema niachie mimi, nitajua la kufanya. Na siku mambo yalipoanguka, mwanaume akameza ulimi, mke akabeba. Akabeba mbele ya majirani, na kidonda kibichi, na mtoto begani. Wewe ukamjibu kwa kumtukania mtoto. Neno lile la ndege wamtafutie jina lilikuwa baya, Mama. Baya sana. Sitakuficha, niliposoma pale niliweka simu chini nikatoka nje.

Na wewe Lesian, najua gazeti linafika Sekei. Shika darubini yako usome hapa vizuri. Yule bibi wa Kizungu ana theluji. Ndege wake wanakufa kwa baridi, mafuta yanawapa joto. Wewe una theluji ipi hapo Sekei? Ile inayoonekana Kilimanjaro kwa mbali? Mafuta ya kondoo kwenye jua letu la saa saba yanayeyuka, yanachacha, yanawagandia manyoya mpaka ndege anashindwa kuruka vizuri, na hilo mtu wa kazi yako hakupaswa kuambiwa na mama wa gazetini. Ukitaka kujaribu upishi wa wageni, subiri miezi ya baridi, nenda bucha ukanunue mafuta ya ng'ombe kama watu wengine, weka kivulini kidogo cha kuisha siku hiyo hiyo. Siku zilizobaki kata papai lililoiva, weka na bakuli la maji safi, watakuja tu. Mafuta ya mzazi unayaacha. Kama mke wako yalimshinda, ulitakiwa kumwambia mama yako maneno mawili, "Yeyo, yamemshinda." Mama yako angenuna wiki moja, angepika supu, yangeisha. Ukaona bora uwalishe kwezi na umwache mkeo aliwe na mama yako. Mwanaume mzima! Aibu yako.

Mama, turudi kwako. Suala la kumrudisha binti Machame lifute, na usilitamke tena hata kwa huyo jirani yako mwenye gazeti, wala mtu yeyote, maana maneno hayo yakishatoka hayakusanyiki. Usiende Jumapili. Nenda Jumamosi. Ukienda Jumapili utakaa benchi la nyuma umevaa vizuri umenuna, kila mtu ataona, na mtoto atabatizwa huku bibi yake ana donge. Fika Jumamosi asubuhi, pitia mlango wa mbele safari hii, siyo uani. Mketishe Lesian mbele ya mke wake, umwambie aseme mwenyewe nani alifunga lile fundo. Usimsaidie kusema. Akiangalia viatu, mwambie avivue.

Akishasema, zamu yako. Utamwambia Elinaza, nimekukosea, neno la ndege nalirudisha. Useme hivyo hivyo, bila "lakini na wewe". Halafu umuulize mafuta yalimfanyaje, na unyamaze umsikilize, hata kama anaongea taratibu. Kama tumbo lake halitaki mafuta, waulizeni wauguzi wa kliniki anakopeleka mtoto, siyo mimi na siyo magome. Mpikie supu nyepesi. Mapenzi yako hayatapungua kwa kuwa hayana mafuta.

Yule kondoo wa pili mwache aishi. Kama ni jike vizuri zaidi, mpe mjukuu, azaliane kwa jina lake, na kazi ya kuleta pumba kila mwezi mpe Lesian, aje nayo Kisongo mwenyewe begani. Hiyo ndiyo faini yake.

Na beba wembe mpya. Nywele za mtoto hazijanyolewa mpaka leo, hilo nina hakika nalo bila kuambiwa, kwa sababu binti aliyeandika "Mama, tunakungoja" hakuwa anakungojea wewe ukale wali wa ubatizo. Wangeweza kumpa mtoto jina lolote. Wangemwita kwa jina la bibi wa Machame, na nani angewalaumu baada ya uliyoyasema? Hawakufanya hivyo. Mtoto amelala hapo Sekei hana jina la kwenu, na kila anayemwinua anamwita "mtoto".

Wakati huo huo mimi, nisiyemjua, nisiyewahi kumwona hata kisigino, najua anaitwa Nalepo. Umemwambia mtu wa gazeti. Nenda kamwambie mwenyewe.

Evaresta